Lori la Gesi Linapopiga Mluzi: Valvu ya Usalama Inafanya Nini, na Haiwezi Nini

Mdaula, saa saba mchana, jua la utosini. Tela la tangi la gesi ya kupikia limeegeshwa kando ya barabara, na kivuli chake kimejaa watu wanaokula wali maharage. Ghafla likatoa sauti: fyuuuu! Kali, kisha kimya. Mama lishe akaachia upawa ndani ya sufuria. Kijana wa bodaboda akasema hiyo ni valvu imekufa, izibwe kwa kitambaa kibichi kabla gesi haijaisha yote. Mzee mmoja akamkatiza: valvu ikilia ndiyo usalama wenyewe, lori lenye valvu halilipuki, kaeni mle chakula chenu. Utingo alikuwa amejilaza kwenye mkeka chini ya tela. Akafumbua jicho moja, akasema, "Upepo wa breki huo, wazee wangu," akageukia upande wa pili.

Tulicheka, tukaendelea kula. Ila maneno ya kijana na ya mzee yalinikaa kichwani, kwa sababu ni yaleyale yaliyojaa kwenye simu zetu lori lenye gesi lilipolipuka Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Wapo wanaoiona valvu ya usalama kama tundu la kuvujia, na wapo wanaoiona kama hirizi. Ni kidude cha chuma chenye springi, kina kazi moja, na ukiielewa hiyo kazi moja utaona mwenyewe mahali unapoishia uwezo wake.

Kwanza, tangi gani?

Barabarani tunayaita yote "matanka", lakini tangi la petroli na tangi la gesi ni ndugu wa mbali sana. Ukitaka kuyatofautisha kwa jicho, lifuate lori kwa nyuma. Tangi la gesi ni duara kamili, na kisogo chake kimebinuka kama ncha ya yai. La mafuta mara nyingi ni bapa kidogo, kisogo chake karibu kimenyooka, na ukilitazama kwa juu lina mifuniko kadhaa iliyojipanga, kila chumba na mfuniko wake.

Umbo hilo linatokana na presha. Petroli na dizeli husafiri kama maji kwenye jerikani: zipo kimiminika kwa tabia yake, hazihitaji kubanwa. Gesi ya kupikia ni jambo jingine. Ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani huchemka pale maji yanapogandia, kwenye sifuri hivi. Kwa hali ya hewa ya kwetu, hata usiku wa baridi wa Makambako, propani ingependa kuwa mvuke muda wote. Inabaki kimiminika kwa sababu imefungiwa: mvuke wake wenyewe, ukiwa hauna pa kwenda, unakaa juu na kukandamiza kilicho chini. Ukitikisa mtungi wa jikoni unasikia kitu kikicheza ndani kama maji. Ndicho hicho.

Sasa mvuke huo unakandamiza kwa kiasi gani? Chukua kipimo ambacho kila dereva anakijua, tairi la lori. Fundi wa upepo hulijaza psi 110 hadi 120, yaani karibu bar 8 (psi na bar zote ni vipimo vya presha). Tangi la gesi ya mchanganyiko wa nusu kwa nusu, katika siku ya joto la nyuzi 40, liko hapohapo, karibu bar 8. Kwa hiyo lori la gesi linalokupita kule Chalinze ni kama tairi moja kubwa lenye urefu wa nyumba, lakini ndani yake badala ya upepo kuna tani kadhaa za kitu kinachosubiri nafasi ya kuchemka. Na kikichemka, lita moja ya kimiminika hutoa zaidi ya lita 200 za mvuke unaowaka.

Jiwe juu ya mfuniko

Mama zetu walikuwa na njia ya kuwahisha maharage: funika sufuria, weka jiwe juu ya mfuniko. Mvuke ukizidi, mfuniko unainuka upande mmoja, unapumua, unarudi chini. Valvu ya usalama ni jiwe hilo, ila jiwe limebadilishwa kuwa springi. Kuna kisahani kinachoziba tundu la juu ya tangi, na springi inakikandamiza kwa nguvu iliyopimwa. Presha ya ndani ikiishinda springi, kisahani kinainuka, mvuke unatoka. Presha ikishuka, springi inakirudisha kisahani mahali pake.

Hapo pa kurudi pana umuhimu wake. Vipo vifaa vingine vya usalama ambavyo hupasuka mara moja na kumwaga kila kitu. Valvu ya springi hutoa kilichozidi tu. Kipimo chake hupangwa na mtengenezaji au karakana yenye idhini, kisha hufungwa kwa lakiri, ule waya mwembamba wenye kijirisasi, ili mtu asije na spana yake akakaza au kulegeza kwa hisia.

Kipimo chenyewe kimechongwa kwenye valvu au kwenye kibati chake. Matela mengi ya propani yaliyojengwa kwa kanuni za Marekani huwekewa psi 250, ambayo ni kama bar 17. Linganisha na ile bar 8 ya mchana wa joto. Propani tupu, bila butani hata tone, inahitaji kupashwa joto hadi kupita nyuzi 50 ndipo mvuke wake ufike bar 17. Nyuzi 50 za hewa hatuzipati hata bandarini Machi. Ndiyo maana matangi haya hupakwa rangi nyeupe, yasinywe jua.

Kwa hiyo mzee wa Mdaula alikosea mara ya kwanza. Tangi zima la gesi, lililojazwa kwa kipimo, lililoegeshwa tu juani, valvu yake haitakiwi kulia kabisa. Ikilia pasipo moto karibu, kuna habari inayokuletea, na habari zenyewe huwa mbili: ama valvu imechoka na inafunguka kabla ya wakati, ama tangi limejazwa kupita kiasi. Hii ya pili ndiyo inayonitisha zaidi.

Lita tisa zimetoka wapi?

Vimiminika hutanuka vikipata joto, lakini havitanuki sawa. Chukua lita 100 za maji, zitoe nyuzi 15 uzipeleke nyuzi 40: utapata lita 100 na chini ya moja ya ziada. Fanya hivyo kwa propani na utapata karibu lita 109. Lita tisa zimezaliwa tankini bila mtu kuongeza kitu.

Ndiyo maana tangi la gesi halijazwi hadi shingoni. Huachwa nafasi ya mvuke juu, na kiasi kinachoruhusiwa mara nyingi huzunguka asilimia 80 hadi 85 ya ujazo, kutegemea mchanganyiko na joto. Nafasi hiyo ni kama ile unayoacha ukipika uji. Ukijaza sufuria hadi ukingoni, haijalishi mfuniko wako ni mzuri kiasi gani, uji utafika kwenye moto.

Dereva aliyepakia alfajiri, hewa ikiwa ya ubaridi, akapewa "kidogo cha zawadi" juu ya kipimo, anaondoka na tangi ambalo nafasi yake ya juu ni ndogo. Kadiri jua linavyopanda, kimiminika kinaimeza hiyo nafasi. Ikiisha, hesabu inabadilika ghafla: mvuke ulikuwa unabonyea kama mto wa sponji, kimiminika hakibonyei. Kila nyuzi moja ya ziada inapandisha presha kwa kuruka. Valvu itafunguka, ndiyo, lakini kinachotoka sasa ni kimiminika, na kila lita yake ni wingu la lita 200 na ushee, zito kuliko hewa, linaloteremka kwenye mtaro kutafuta jiko la mkaa la mama lishe.

Kisa kinachotajwa sana katika mafunzo ya fani hii ni cha Los Alfaques, Hispania, tarehe 11 Julai 1978. Tela lililobeba propilini, gesi ya ukoo uleule, lilikuwa limepakiwa zaidi ya tani 23 wakati kipimo chake kilikuwa kama tani 19. Halikuwa na valvu ya usalama. Lilipasuka likipita kando ya kambi ya watalii pwani, na waliokufa walizidi 200, wengi wakiwa wamevaa nguo za kuogelea. Kwa kisa hicho ni rahisi kusema "ona, valvu ingewaokoa". Mimi nasema aliyetia zile tani nne za ziada alikuwa amekwisha kufanya kosa kabla hatujafika kwenye habari ya valvu.

Tangi likiwa ndani ya moto

Hapa ndipo hirizi ya mzee inapovunjika kabisa, na naomba tuende taratibu.

Umewahi kusahau birika jikoni? Maadamu lina maji, hata moto uwe mkali vipi, birika haliharibiki. Maji yananyonya joto na kulipeleka kwenye mvuke. Maji yakiisha, dakika chache tu chuma kinabadilika rangi na kuanza kujikunja. Moto haukuongezeka. Kilichopotea ni maji yaliyokuwa yanakilinda chuma.

Tangi la gesi likizungukwa na moto linakuwa birika la aina hiyo. Sehemu ya chini, iliyolowana kimiminika, inapozwa kutoka ndani. Sehemu ya juu, yenye mvuke tu, haina wa kuipoza. Presha inapanda, valvu inafunguka, inafanya kazi yake barabara: inaizuia presha isipande zaidi ya bar 17 hivi. Mpaka hapo ni salama. Lakini kadiri inavyotoa mvuke, kimiminika kinapungua, na kadiri kimiminika kinavyopungua, eneo kavu la chuma linaongezeka. Chuma kavu kikifika nyuzi 500 au 600 kinapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Tangi lililojengwa kuhimili bar 17 likiwa baridi sasa haliwezi kuzibeba bar hizohizo likiwa jekundu. Linapasuka. Geji ingekuonyesha presha ileile ya bar 17 hivi, isiyozidi kipimo cha valvu, hadi sekunde ya mwisho.

Valvu inakulinda dhidi ya presha kupanda. Haikulindi dhidi ya chuma kulegea. Mtu akielewa sentensi hizo mbili, ameelewa karibu nusu ya makala haya.

Likipasuka, kile kimiminika ambacho muda wote kilizuiwa kuchemka kinachemka chote kwa pamoja, kwa kufumba na kufumbua, na kuwa mpira wa moto. Boksburg, Afrika Kusini, tarehe 24 Desemba 2022: lori la gesi ya kupikia lilikwama chini ya daraja fupi karibu na hospitali ya Tambo Memorial. Gesi ikavuja, moto ukawaka, watu wakasogea kutazama. Kisha tangi likapasuka. Waliokufa walikuwa 40 na zaidi, baadhi yao wafanyakazi wa hospitali. Tangi chini ya moto linaweza kupasuka baada ya dakika chache au likakawia kwa saa, na katika muda huo wote linaonekana kama lori linalowaka tu, kitu cha kupiga picha.

Mwongozo wa dharura unaotumiwa na zimamoto wa Marekani na Kanada unataka watu waondolewe umbali wa kilomita 1.6 kila upande pale tangi la gesi linapokuwa ndani ya moto. Kutoka Posta hadi Kariakoo, kwa makadirio ya miguu. Mwongozo huohuo unasema mambo mawili ambayo yule kijana wa bodaboda angefaa kuyasikia. La kwanza, sauti ya valvu ikipanda, ikizidi kuwa nyembamba na kali, au tangi likibadilika rangi, ondoka muda huohuo, hata kama wewe ni askari wa zimamoto. La pili, usielekeze maji kwenye valvu yenyewe. Gesi inayotoka inapoa mno, na maji yanayoifikia yanaweza kuganda kuwa barafu na kuiziba. Maji huelekezwa kwenye mwili wa tangi, hasa pale juu panapokauka. Kitambaa kibichi cha kijana wetu kingekuwa hicho kizibo cha barafu, na kingewekwa na mtu aliyesimama juu ya tangi.

Na mwali unaowaka juu ya valvu? Hauzimwi hivihivi. Ukiuzima, gesi inaendelea kutoka bila kuwaka, inajikusanya chini, na itawakia mahali pengine ambapo hukupachagua. Watu wa fani huuacha uwake wakilipoza tangi, mpaka pale wanapoweza kuifunga gesi kwenye chanzo chake.

Lori likipinduka kuna tatizo jingine dogo lenye madhara makubwa: valvu iko juu, kwenye mvuke, kwa makusudi. Tangi likilala ubavu au kifudifudi, valvu inajikuta chini ya kimiminika. Ikifunguka itatema kimiminika badala ya mvuke, na haishushi presha kwa kasi iliyokusudiwa.

Lori la petroli linapumua

Baada ya gesi, petroli inaonekana nyepesi, na kwa upande wa presha ni kweli. Valvu za lori la mafuta hufunguka kwenye robo ya bar hivi, au chini ya hapo. Pumzi ya kupuliza puto. Ila zina kazi ambayo ya gesi haina: zinapumua nje na ndani.

Nje, kwa sababu mchana petroli inatoa mvuke na mvuke unataka njia. Harufu unayoisikia ukipita karibu na malori yaliyopanga foleni Tunduma inatoka hapo. Ndani, kwa sababu tangi likishusha mafuta kituoni, nafasi iliyoachwa lazima ijazwe na hewa. Mtoto akinyonya juisi ya boksi kwa mrija bila kuachia, boksi linabonyea mbavu. Hewa inayotuzunguka inakandamiza kila mita moja ya mraba kwa uzito wa karibu tani 10. Hatuuoni kwa sababu ndani pia kuna hewa inayosukuma nje. Ziba njia ya hewa, fungua bomba la kushushia, na tangi la aluminiamu litakunjamana kama boksi la juisi mbele ya macho yako. Hakuna moto, hakuna mlipuko, ni sauti ya bati kubwa tu, na mmiliki ameshika kichwa.

Nimewahi kuona tela ambalo valvu yake ya kupumulia ilifungwa kwa kipande cha tyubu na waya. Maelezo niliyopewa ni kwamba "mafuta yanapungua njiani". Kweli mvuke unaopotea ni hela. Lakini kufunga pua ya ng'ombe ili asimalize hewa ya zizi ndiko huko.

Watu huniuliza pia kuhusu Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambako waliofariki walipita 100. Ile haikuwa habari ya valvu. Petroli ilikuwa imekwisha kumwagika chini baada ya lori kupinduka, na watu walikuwa wameizunguka na madumu. Valvu nyingi za kisasa za malori ya mafuta zina kigololi kinachojiziba tangi likipinduka, lakini mfuniko uliofunguka au tangi lililochanika halina kigololi.

Kwenye ngazi, na fundi

Utunzaji wa valvu niliuelewa siku moja kwenye yadi ya matela Dar es Salaam, nikiwa nimeshika ngazi ya fundi. Alipanda na vitu vinne: tochi, brashi laini, kioo kidogo cha kujinyolea na miwani ya kazi. Nikauliza kioo ni cha nini. "Cha kuangalizia. Uso wangu siuweki juu ya mdomo wa mtu anayeweza kutema muda wowote." Alisimama pembeni, akakishika kioo juu ya valvu, akamulika, akasoma ndani kwa kupitia kioo.

Kofia ya mvua haikuwepo. Ni kifuniko cha plastiki au mpira kinachokaa juu ya bomba la valvu, kinazuia maji na vumbi, na kimewekwa kilegelege ili gesi ikitoka kiruke chenyewe. Kikipotea, watu huona ni plastiki tu. Wengine huifunga kofia kwa waya isiruke, na hapo imegeuka kuwa kizibo. Kwa sababu haikuwepo, nyigu walikuwa wamehamia. Walijenga kwa udongo, vyumba vitatu vimekauka kama tofali. Fundi akaukwangua kwa brashi kipande kwa kipande, akinionyesha: chini ya udongo kulikuwa na maji machafu, na chini ya maji kutu. Kitundu cha kutolea maji, kidogo kama tundu la sindano ya kushonea viatu, kilikuwa kimezibwa na rangi. Lile tela lilikuwa limepakwa rangi upya na mchoraji hakukwepa kitu. Hata namba za kipimo zilizochongwa kwenye kibati zilikuwa zimefukiwa.

Hakuna kati ya hayo ambalo lingeonekana ukiwa chini. Tela liling'aa.

Fundi hakuirekebisha ile valvu. Nilitegemea atoe spana, aifungue, aipulize, airudishe. Akasema yenye kutu kwenye springi haisafishwi, inatolewa. Na haitolewi tangi likiwa na gesi, linamalizwa na kusafishwa kwanza. Inakwenda kwenye meza ya majaribio: inafungwa kwenye bomba la naitrojeni lenye geji, presha inapandishwa polepole, wanaandika ilifunguka wapi na ilijifunga wapi. Kisha wanapaka povu la sabuni kwenye kisahani kuona kama bado inapenyeza. Mapovu mawili tu yanatosha kuikataa. Mpira wa ndani ukishakuwa mgumu, au uchafu ukikwama kwenye kikalio, pale kisahani kinapokaa, valvu itafunguka sawasawa lakini haitajifunga vizuri tena. Dereva akiisikia inavuja anaigonga na nyundo ikae, na pengine inakaa, lakini sasa kisahani kina alama ya nyundo.

Valvu ina umri wake hata kama haijawahi kufunguka, kwa sababu springi na mpira huchoka kwa kukaa tu. Wapo watengenezaji wanaoshauri valvu za gesi zibadilishwe ndani ya miaka 10. Kwa matela yanayolala Tanga, Mombasa au Dar, ambako hewa ya chumvi haimwachi mtu na baiskeli yake, mimi nisingesubiri ifike huko. Kwa tangi lenyewe, kanuni za Marekani zinataka tela la gesi likaguliwe kwa nje kila mwaka na lijaribiwe kwa presha kila miaka 5, mara nyingi kwa maji. Maji, kwa kuwa hayabonyei: tangi bovu likijaribiwa kwa maji linachanika na kumwagika, likijaribiwa kwa hewa linakuwa bomu. Valvu haishiriki kwenye jaribio hilo. Inatolewa na kupimwa peke yake.

Kuna jambo moja la kwetu linalochanganya wengi. Dereva anakuonyesha stika: "Gari limepimwa." Amepita Misugusugu, Kibaha, kwa Wakala wa Vipimo. Ni kweli limepimwa, lakini limepimwa ujazo, ili mwenye kituo akilipia lita 10,000 apate lita 10,000. Stika hiyo inalinda mfuko, na ni kazi njema, lakini haisemi lolote kuhusu springi. Ukaguzi wa vyombo vya presha una cheti chake na tarehe yake, na ukiwa meneja wa usafirishaji ndicho cheti cha kuulizia, pamoja na karatasi ya majaribio ya valvu yenye namba inayolingana na ile iliyochongwa juu ya tangi. Panda ngazi uilinganishe. Au mtume mtu, mwenye kioo.

Ile sauti, tena

Kwa msikilizaji wa barabarani, tofauti si ngumu. Upepo wa breki unatoka chini, karibu na matairi, sekunde mbili tatu, na haunuki kitu. Valvu ya gesi inatoka juu ya tangi, haikatiki haraka, na mara nyingi inatoka na ukungu mweupe, kwa sababu ubaridi wake unagandisha unyevu wa hewa. Utasikia pia harufu ya yai bovu au kitunguu kilichooza, ambayo gesi ya kupikia hutiwa makusudi. Hapo zima pikipiki, usiwashe gari "kulisogeza", acha jiko, na ondoka kuelekea kule upepo unakotoka, ukipanda mwinuko kama upo. Gesi hii inateremka, kwa hiyo mtaroni na bondeni ndiko inakokwenda. Kama huna kazi ya kuzima moto, simu piga ukiwa umeshafika mbali.

Siku ile Mdaula, sahani ilipokwisha, nilimchutamia yule utingo nikamuuliza kama aliwahi kuisikia valvu yenyewe. Akakaa kitako. Mara moja, alisema, kwenye yadi, tela lilipakiwa usiku na kupewa ziada, saa tano asubuhi likaanza. Nikamwomba aniigizie mlio. Alifungua mdomo, akafikiri, akaufunga.

"Hauigiziki," akasema. "Nilikuwa na kandambili mpya. Nilizikumbuka nikiwa upande wa pili wa reli."